Kibuyu cha Shingo Ndefu

Asubuhi ile kitu cha kwanza Ferista kukiona kilikuwa fundo. Alikuwa ameinama kupitisha ufagio chini ya kitanda, macho yakaangukia sanduku la mumewe, lile la bati la kijani alilorudi nalo kutoka migodi ya shaba Zambia. Kamba ya katani iliyolizunguka ilikuwa imefungwa upya. Kwa mwaka mmoja na nusu kamba ile ilikuwa na fundo la kitanzi, fundo la mtu anayefungua kila Jumamosi kuanika makoti yake na kufunga tena. Sasa lilikuwa fundo la msalaba, limekazwa kwa mguu na kurudiwa mara mbili, kama mzigo unaokwenda kurushwa juu ya lori.

Ferista akabaki ameinama, ufagio mkononi.

Nje mumewe, Lusungu, alikuwa akipasua kuni. Kuni za miezi miwili zilikuwa zimepangwa ukutani tayari, lakini alipasua tu. Ndivyo alivyokuwa tangu arudi. Miaka thelathini ya kushuka chini ya ardhi kwa king'ora ilikuwa imemwachia mwili usiojua kukaa. Aliamka kabla ya jogoo, akanawa, akavaa viatu, kisha akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Majirani walimwita Mzee Shifti, naye alicheka pamoja nao. Mistari ya bustani aliinyoosha kwa uzi. Mlango wa banda la kuku aliutia kitasa. Hata maboga aliyageuza kila siku ya tatu ili jua liyapige sawasawa.

"Mama Tuntufye!" aliita. "Maharage ya upande wa juu yamekauka. Leo tung'oe."

"Nakuja, baba."

"Tuyamalize kufikia Jumatano. Alhamisi lori la Bashiri linateremka Tunduma."

Ferista alitoka na ufagio wake. "Kuna kitu unakwenda kuchukua?"

"Nakwenda kuona watu."

"Utarudi lini?"

Shoka likashuka, gogo likapasuka vipande viwili. "Kwani wewe unataka kujua?" alisema Lusungu, bila kumtazama.

Alitaka. Hakuna jambo alilotaka kulijua kuliko hilo. Lakini mdomo wa Ferista tangu utoto ulikuwa mzito, na jambo lilivyozidi kuwa kubwa ndivyo ulivyozidi uzito. Akaanza kufagia uwanja alioufagia alfajiri.

Alipokwenda jikoni kuwasha moto ndipo alipoona la pili. Dari ya juu ya mafiga, mahali pa vibuyu vyake vya mbegu, palikuwa patupu. Vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeoshwa na kuchomekwa kwenye miti ya ua, midomo chini, kama vyombo vya msiba vinavyosubiri kurudishwa kwa wenyewe. Na pembeni, juu ya ubao mpya uliopigiliwa misumari minne, yalisimama makopo tisa ya maziwa ya unga, kila moja na karatasi nyeupe tumboni, imebandikwa kwa uji.

Jana alikuwa kwenye shamba la kijiji tangu atoke kanisani hadi giza lilipoingia, na jikoni hakuingia tena. Ilikuwa zamu ya nyumba za mstari wao. Lusungu alibaki nyumbani peke yake, mikono haina kazi.

Mtu mgeni angeweza kudhani ni vibuyu tu. Lakini mwaka uliopita, walipohamishwa kutoka mlimani kuja kukaa kwenye mistari ya kijiji, nyumba ilibaki, migomba ilibaki, na kaburi la mama yake lilibaki. Ferista alichukua vibuyu. Alishuka navyo begani, njia nzima hakuruhusu mtu kumpokea. Humo mlikuwa na maharage ya rangi nne, mboga, maboga na ulezi, mbegu alizopewa na mama yake naye mama yake akapewa na wake. Alizilaza ndani ya majivu, akaziba kila mdomo kwa gunzi, kisha akalisiliba kwa kinyesi cha ng'ombe. Alijua kibuyu kipi kina nini kwa umbo lake, hata gizani, kwa kupapasa. Kwao mbegu ni kitu cha mwanamke. Mume hafungui kibuyu cha mbegu, na wala hakatazwi; ni vile tu hakuna mume aliyewahi kuwa na haja nacho.

Lusungu hakuwa na habari hiyo. Mtoto wa kiume akiondoka kijijini na miaka ishirini na tano, anarudi na hamsini na saba, ni mambo mangapi hajui?

"Umeyaona?" Alikuwa amesimama nyuma yake, jasho shingoni. "Panya hawataingia tena. Na kila mbegu ina jina lake."

"Nimeyaona, baba. Asante."

"Huyasomi?"

"Nimeyaona."

Lusungu akarudi kwenye kuni zake.

Ferista akasogea karibu na ubao. Yale majina hayakumwambia kitu. Yalikuwa mistari, vitanzi na nukta. Lakini hata asiyejua kusoma huona mkono wa mwandishi. Karatasi saba za kwanza zilikuwa zimeandikwa taratibu, zimepigiwa na mstari chini kwa rula, kazi ya mtu anayeandaa zawadi. Mbili za mwisho zilikuwa zimekwenda upande, wino umevuja, na moja ilikuwa imebandikwa ikakunjamana. Kitu kilimpata Lusungu kati ya kopo la saba na la nane.

Akageuka kutazama ua. Kibuyu cha nane mstarini kilikuwa kile cha shingo ndefu. Kilikuwa kimekatwa shingo kwa msumeno.

Akakaa juu ya kinu.

Habari ya kibuyu kile ilianza mbali. Ferista alipelekwa shule ya misheni akiwa mtoto, akasoma mpaka mvua za kwanza. Kisha mama yake akajifungua, na yeye akatolewa kuja kumbeba mdogo wake. Hakurudi tena. Lakini sifa ya "msichana wa shule" ilimkaa kama nguo ya kuazima ambayo mwenyewe hakuja kuidai. Wajomba wa Lusungu walipokuja kuposa walikuja kwa sifa hiyo. Siku ya harusi Lusungu alimwambia, "Nimepata mtu wa kumwandikia." Ferista akainamisha macho. Watu wakasema binti huyu ana adabu.

Barua zilipoanza kuja, alizipeleka kwa mwinjilisti, Mzee Nathanaeli, aliyekuwa na mdomo wa kufunga. Nathanaeli alisoma, Nathanaeli aliandika majibu: hatujambo, maharage yamekubali, mtoto ameota meno. Lusungu akija likizo alisifu mwandiko wa mkewe mbele ya wageni, naye Ferista alimwongezea mboga. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo kama wenzake, akafunua ukurasa jirani alipofunua. Nyimbo zote alizijua kwa kichwa. Hakuwahi kusema uongo hata siku moja. Uongo wake wote ulikuwa wa kunyamaza, na uongo wa namna hiyo hauna mlango wa kutokea.

Kisha Nathanaeli akafariki. Mwezi uleule ikaja barua nene kuliko zote, na baada yake nyingine mbili. Tuntufye, binti yao, alikuwa ameshaolewa Vwawa, na hata angekuwepo, mambo ya baba na mama, mtoto hayasomi. Wasomaji wengine wa pale walisoma barua za watu kisimani, kila mtu akisikia. Ilikuwa haijapita wiki mbili tangu mwanamke mmoja wa bonde la pili asomewe barua ya mumewe mbele za watu, kwamba ameoa huko huko, asimngoje. Ferista aliipima ile bahasha nene mkononi, akaona uzito wake ni uzito wa habari ya namna hiyo. Akaiingiza kwenye kibuyu cha shingo ndefu, ndani ya majivu, chini ya mbegu za mboga ya figiri. Na mbili zilizofuata akaziingiza bila kuzipima.

Lusungu aliporudi nyumbani moja kwa moja, aliuliza usiku wa kwanza, "Barua zangu za mwisho zilikufika?" Ferista alikuwa anamtengea maji ya kuoga. Aliinama kupima joto la maji kwa kiwiko, na kabla hajainuka Lusungu mwenyewe akajijibu, "Posta hii!" Basi likaishia hapo.

Sasa Lusungu alikuwa amezikuta, tatu, zimefungwa vilevile alivyozibandika kwa ulimi wake. Na sanduku lilikuwa na fundo la msalaba.

Waling'oa maharage siku ile bila maneno zaidi ya "shika" na "leta." Lusungu alikwenda haraka, kama anafukuzwa na mstari unaofuata. Mara aliacha akaenda kukaza kigingi cha ua, akarudi, akaacha tena akaenda kuhesabu maboga. Ferista naye hakutulia. Alichemsha chai ya mchaichai akaisahau motoni ikakauka. Alikwenda kisimani akafika bila ndoo. Alifungua mdomo mara nyingi, lakini kila mara kilitoka kitu kingine.

"Viazi vya pembeni vimeingia mdudu."

"Nimeona."

"Na jongoo wengi mwaka huu."

"Jongoo hawali viazi."

Jumanne walipura. Walitandika mkeka uwanjani, wakakaa pande mbili, kila mmoja na fimbo yake, na maganda makavu yakalia chini ya fimbo. Lusungu alipiga kwa nguvu kuliko maharage yalivyostahili.

"Nikuulize jambo, mama," alisema. "Barua ya mtu ikikaa bila kufunguliwa ni ya nani? Ya aliyeandika au ya aliyepokea?"

Fimbo ya Ferista ikakosa mahali pa kushuka.

"Maana mimi sijui," aliendelea Lusungu. "Nilipewa nyumba ya ndoa kule. Vyumba viwili, bomba mlangoni. Nikakuandikia kurasa nane. Swali lilikuwa moja tu: utakuja, au nirudi? Nikangoja. Nikaandika tena. Nikaandika mara ya tatu. Wenzangu wakasema mkeo hakutaki, nikasema hapana, ni posta. Nimeitetea posta miaka minne, Mama Tuntufye! Nimegombana na watu kwa ajili ya posta. Kumbe zililala hapa hapa juu ya moto, zinakula majivu."

Kwa hiyo hapakuwa na mke mwingine. Miaka yote hiyo bahasha ile nene ilikuwa imebeba nyumba ya vyumba viwili na swali moja. Kusema "nilizipata sikuzifungua" kulitaka kusema kwa nini. Na kusema kwa nini kulitaka kumnyang'anya mumewe yule msichana wa shule aliyemwandikia miaka yote ile.

"Maharage yanaruka nje ya mkeka," alisema.

Lusungu aliweka fimbo chini polepole. Aliinuka, akatoka uani, akapotelea njia ya mtoni, na hakurudi mpaka ng'ombe walipokuwa wanaingia zizini. Ferista aliokota punje zilizoruka, moja moja, hata zile zilizoingia kwenye majani.

Jumatano, walipokuwa wanapepeta, alikuja Jenista, binti wa nyumba ya tatu aliyemaliza darasa la saba na kupewa darasa la kisomo cha watu wazima. Alikuwa na daftari kwapani na viatu mkononi, ameviokoa na matope.

"Shikamoo babu, shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu," alisema Lusungu. "Umekuja kutukamata?"

"Kukuomba, babu. Darasa limejaa kina mama, mimi peke yangu siwezi. Mtu kama wewe ukinisaidia jioni mbili tu kwa wiki..."

"Kesho nasafiri."

"Ah! Basi ukirudi."

Lusungu aliinama kuokota ganda. Jenista akafungua daftari. "Na bibi jina lake nimelikuta kwa wanaojua kusoma. Niliache hapo?"

"Liache," alisema Lusungu. "Bibi yako anasoma vizuri sana. Ila huchagua cha kusoma."

Ungo wa Ferista ulisimama hewani. Kisha ukaendelea kurusha na kupokea, na makapi yakaenda na upepo.

Alimsindikiza Jenista mpaka kwenye mgomba wa njia panda. Binti alishusha sauti. "Bibi, usinikasirikie. Jumapili ulishika kitabu cha nyimbo miguu juu."

"Mimi?"

"Ubeti wote wa tatu. Bibi, njoo tu darasani. Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa, mwanangu," alisema Ferista.

Jenista alicheka mpaka akashika mgomba, na Ferista, bila kutaka, akacheka naye. Lakini aliporudi uani na kumkuta Lusungu ametoa sanduku nje, analipangusa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kicheko kilikauka.

Alhamisi lori lilikuja kabla jua halijapata nguvu. Bashiri, mwenye lori, alileta chumvi na sabuni za duka la kijiji kila baada ya wiki mbili. Alizaliwa Tabora, akafuata biashara mpaka mpakani, na kwa kuuziana na Wazambia ulimi wake ulikuwa umechanganya kila kitu.

"Mulishani, mudala!" alipaza sauti kutoka dirishani, maana huko mpakani ndivyo wanavyomsalimu mzee.

"Bwino," alijibu Lusungu.

"Mama, shikamoo! Huyu mzee na sanduku lote hili, umemfukuza au amekimbia? Wifi zako wa Tunduma wataniuliza nijibu nini?"

"Marahaba, Bashiri," alisema Ferista.

"Jibu la mwanasiasa! Haya, pandisheni, kesho Ijumaa, nataka leo nilale kwangu. Na boga moja la njiani, mama. Tumbo la dereva halina mpaka."

Utingo alishika sanduku upande mmoja, Lusungu upande wa pili, wakaliinua mpaka ubavuni mwa lori. Kisha Lusungu akaliachia kwa utingo, akageuka, akaanza kutoa maagizo kwa haraka, kama mtu anayekabidhi zamu.

"Maharage yako kwenye debe, nimeweka majivu. Viazi usivichimbe vyote. Na kinyungu, ile bustani ya bondeni, usikichelewe, udongo wake bado una maji. Figiri ipande upande wa mto, haradali upande wa juu. Usichanganye, haradali ikikaa kwenye maji inaoza. Makopo yapo, majina nimeandika."

Ferista alikuwa na furushi la viazi vya kuchoma na mayai mawili. Alimpa. Kisha, badala ya kusimama pembeni na mikono kifuani kama alivyosimama kila likizo ilipokwisha, aliingia jikoni haraka, akarudi na makopo mawili yaliyoandikwa kwa mkono uliokwenda upande. Alimimina mbegu kidogo kiganja cha kulia, kidogo kiganja cha kushoto. Zilikuwa nyeusi zote, ndogo zote, za mviringo zote. Mungu aliziumba pacha. Zilipokuwa vibuyuni zilijulikana. Ndani ya bati hazikuwa na kwao.

"Baba Tuntufye, ipi ni figiri?"

"Imeandikwa."

Alinyanyua kiganja cha kulia, akalamba punje mbili, akazitafuna kwa meno ya mbele. Hazikuwasha. Akalamba za kushoto. Ukali wa haradali ukampanda puani, macho yakajaa machozi.

Lusungu alimkunjia uso. "Unafanya nini? Si usome tu. Au nayo ni barua yangu?"

Utingo aliacha kufunga kamba. Bashiri, aliyekuwa na boga lake kwapani, alijifanya anatazama tairi. Injini ilikuwa inanguruma, na Ferista aliona sanduku la kijani limekaa kule juu, fundo lake limetazama angani.

Nyumbani waliongea Kindali. Siku ile alitumia Kiswahili, ili hata Bashiri asikie, ili neno likishatoka asiweze kulirudisha kinywani akalificha tena.

"Sijui kusoma," alisema Ferista. Sauti ilikuwa ndogo, akaipandisha juu ya injini. "Sijui, Baba Tuntufye, na sikujua siku ya harusi yetu. Mwandiko ulikuwa wa marehemu Nathanaeli. Barua zako sikuzidharau. Niliogopa mtu mwingine anisomee kwamba umeoa. Shusha sanduku, uzitoe, unisomee wewe. Na kama swali lako ni lile lile la kurasa nane, nije au urudi, jibu langu lilikuwa tayari kabla hujauliza. Rudi."